Kikaratasi cha Aliyefungua Kisima

Kwa wiki tatu swali lililoninyima usingizi lilikuwa moja, tena dogo kiasi kwamba niliona haya kulisema mbele ya mtu. Kwa nini sikupuliza filimbi? Ilikuwa shingoni mwangu, kwenye kamba ya katani niliyoisokota mwenyewe. Watu ishirini na wawili waliokuwa mbele yangu walikuwa wamekubali tangu asubuhi kwamba filimbi ikilia kila kitu kinakwisha, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Kazi yangu ilikuwa kupuliza tu. Nikasimama pale nikitazama.

Nilijitungia majibu. Nilishtuka. Mambo yalikwenda haraka. Nilidhani mwingine angeingilia. Mtu mwenye shahada hakosi majibu. Lakini kila jibu nililigeuza nikalitazama kwa nyuma, nikakuta halina kitu, mpaka likabaki moja, na hilo nitalisema nikifika mahali pake.

Nilikuwa nimerudi Mpanda kwa treni, na cheti cha sanaa za maonyesho ndani ya sanduku la bati. Wakati huo tulikuwa bado Mkoa wa Rukwa, na ukisema Katavi watu walielewa mbuga ya wanyama. Baba alikuwa na duka Shanwe, la sukari, chumvi, betri na vitenge. Hakunigombeza. Alikisoma cheti changu chote, hata maandishi madogo ya chini, akakirudisha kwenye bahasha.

"Kwa hiyo nimekusomesha mpaka chuo kikuu ukajifunze kujidai mtu mwingine?"

"Siyo hivyo tu, baba."

"Hapa wa kujidai wamejaa. Na hawakusoma."

Nilichojifunza chuoni, na ambacho sikuweza kumweleza baba hata nilipojaribu kwa kutumia makopo ya dukani, ni aina ya mchezo usio na jukwaa wala watazamaji. Kila aliyepo yumo ndani. Unampa mtu kikaratasi chenye mambo matatu: wewe ni nani, unataka nini, unaficha nini. Hakuna maneno ya kukariri. Unawaweka watu mahali, unawaacha, na hadithi inajitokeza yenyewe kutoka kwenye vinywa vyao kwa saa tatu au nne. Mtunzi wa mchezo wa namna hii haandiki mazungumzo. Anaandika haja za watu, halafu anazipanga zigongane.

Nikapata kikundi. Kilikuwa kinakutana kila Jumamosi kwenye ghala la zamani la tumbaku, na kabla yangu kilikuwa kikifanya ngoma na vichekesho vya sikukuu. Mwenyekiti alikuwa kijana wa mitumba, mwenye sauti ya mnadani na kiatu cheupe. Kulikuwa na mafundi cherehani, akina dada wa saluni, ndugu wawili Wasukuma ambao baba yao alikuwa amehamia na ng'ombe kule Usevya, na mzee mmoja Mnyamwezi, mstaafu wa reli, ambaye hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja kwa sababu, alisema, nyumbani hakuna tena mtu wa kumcheka.

Kata iliomba tutengeneze kitu kuhusu ugomvi wa maji. Kule Usevya wakulima wa mpunga na wenye ng'ombe walikuwa wameanza kupigana mapanga. Mchezo huo tungeucheza kwanza hapa mjini, halafu tuupeleke kule wacheze wao wenyewe. Mwenyekiti akaniita mwalimu mbele ya mtendaji wa kata, na mimi nikavimba kichwa.

Mama wa vitumbua alikuwa anauza mlangoni pa ghala. Alikuwa na beseni la bluu, kitambaa cheupe, na binti wa darasa la tatu aliyekuja kumsaidia kubeba. Jumamosi moja tulikuwa tunafanya mazoezi ya kiu, na fundi cherehani mmoja alikuwa akijitupa chini akilia, "Maji! Jamani maji! Nakufa mimi!" Yule mama akasema kutoka mlangoni, bila kuinua macho, "Mtu mwenye kiu hasemi hivyo."

"Anasemaje?" nikamuuliza.

"Hasemi."

Fundi akainuka, akajipangusa vumbi. Wiki iliyofuata nilimwomba aingie. Alikataa mara mbili, ya tatu akaingia, akaliacha beseni pembeni. Alisema ametoka Kasulu. Hatukumuuliza zaidi. Mpanda watu wengi wametoka mahali.

Sasa nieleze kanuni yangu, ile niliyojivunia. Chuoni mwalimu wetu alisisitiza kwamba kila mchezo wa namna hii uwe na mlango wa kutokea, kwa sababu mtu anaweza kuzidiwa, akasahau kwamba anacheza. Kwa wote pamoja ilikuwapo filimbi yangu. Lakini nilitaka na mlango wa mtu mmoja mmoja, na nikautafuta hapa hapa kwetu, nikaupata kwenye utani wa makabila. Nani asiyejua? Mtu akifa, watani zake wanafika msibani wamevaa nguo zake, wanatembea kwa mwendo wake, wanadai chakula chake, na hakuna anayekasirika. Hao hao ndio wanaomkamata mjane asijitupe kaburini. Kwa hiyo nikaweka kanuni: ukizidiwa mchezoni, mtani wako anaruhusiwa kuja kukukomboa. Anasema, "Mwacheni, huyu ni wangu." Anakutania, unamjibu, watu wanacheka, na wewe uko nje. Nilimwandikia mwalimu wangu wa chuo kurasa nne kuhusu jambo hili. Niliandika kwamba nimegundua kitu ambacho hakimo vitabuni.

Kuhusu mtu asiye na mtani sikuandika hata mstari.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kambi iko njiani wakati wa ukame, na kisima kimebaki kimoja, kimezungushiwa miiba. Alfajiri mtu ameifungua miiba, ng'ombe wakaingia, maji yamekuwa tope. Kambi inatakiwa kumpata mtu huyo kabla ya adhuhuri, vinginevyo wote wahame. Vikaratasi vyote, nilivyovikata kwenye maboksi ya chumvi ya dukani kwetu, nilivimaliza kwa siku mbili, kasoro kimoja. *Wewe ndiye uliyefungua kisima. Mtoto wako alikuwa na kiu. Usikiri kamwe.* Nimpe nani?

Wiki nzima niligeuza majina. Nikimpa mmoja wa wale ndugu Wasukuma, wakulima watasema, "Si tuliwaambia ni wenye ng'ombe?" Nikimpa fundi cherehani, shemeji zake ni wakorofi. Mwenyekiti angefanya kichekesho. Mzee wa reli ana heshima yake, na ana wanawe. Kila jina nililoliweka, nyuma yake nilimwona mtu amesimama, ndugu au jirani au mtu wa kabila lake, ambaye angekuja kuniuliza. Nikaweka jina la mama wa vitumbua. Nyuma yake sikuona mtu. Kwenye daftari langu niliandika: *Anafaa. Anajua kunyamaza.*

Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mwandiko umetulia kabisa.

Mchezo ulianza vizuri. Pipa bovu lilikuwa kisima, matawi ya miiba yalikuwa miiba. Mwenyekiti alicheza mkuu wa kambi. Kikaratasi chake kilisema anaogopa kuondolewa cheo, kwa hiyo atafute mkosaji kwa udi na uvumba, na yeye hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walipekuana, walisingiziana, walicheka. Saa nne na nusu hivi macho yakaanza kumwelekea mtu mmoja, kwa sababu moja tu, kwamba kila alipoulizwa alijibu neno moja na kuangalia chini.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Hapa."

"Hapa wapi? Hapa ni kwako?"

Watu wakacheka. Dada mmoja wa saluni akaliona beseni la bluu pembeni. Beseni halikuwa sehemu ya mchezo. Lilikuwa na vitumbua vya kweli, vya kuuzwa mchana. Akalivuta katikati.

"Jamani! Vitumbua vinapikwa kwa nini? Si kwa maji? Sasa kambi nzima ina kiu, huyu maji ya kukorogea unga kayapata wapi?"

Lilikuwa wazo zuri. Nakiri kwamba nililipenda. Mtunzi anaomba kupata mchezaji wa namna hiyo, anayeokota kitu kilicho karibu na kukigeuza ushahidi. Mwenyekiti akapokea beseni, akalinyanyua juu kama mtu wa mnada, akaviuliza vitumbua vyenyewe, "Semeni nyie! Mmekunywa maji ya nani?" Halafu akavimwaga kwenye pipa.

Pipa lilikuwa na kutu na maji machafu ya mvua.

Hapo mkono wangu ulikwenda kwenye filimbi. Nakumbuka ubaridi wa bati. Mama wa vitumbua alilitazama pipa, akanitazama mimi. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anauliza tu: na hili limo? Na mimi, Mungu anisamehe, nilikwepesha macho nikatazama daftari.

Aliyeona kwamba mambo yamezidi ni mzee wa reli. Alitoka upande wa pili wa kambi, mikono nyuma, tumbo mbele, mwendo wa kichekesho ambao tayari ulikuwa utani.

"Mwacheni! Mwacheni, huyu ni wangu!" alipaza sauti. "Watu wa Kasulu hawa ni watani zetu tangu babu na babu. Huyu mnayemwona, bibi yake tulimpata Uvinza kwa kijiko cha chumvi. Tena chumvi yenyewe ilikuwa na mchanga! Tukala hasara!"

Watu wakaangua kicheko, na kilikuwa kicheko kizuri, cha kupumua. Mlango umefunguka, niliwaza. Kanuni yangu inafanya kazi. Mtu yeyote mwenye mtani angejua la kufanya: angemwambia kwamba chumvi ile waliilamba wao wakasahau kuoga, au kwamba kwa kipara kile hata treni ingemwogopa. Angetukana kwa nguvu zote, na mzee angefurahi, na wangetoka nje wameshikana mikono.

Mama wa vitumbua akapiga goti. "Nisamehe, baba," alisema.

Kicheko kikapungua. Mzee akainama karibu, akamnong'oneza, lakini ghala lile lina mwangwi, sote tulisikia. "Mwanangu, mimi mtani wako. Nitukane."

"Siwezi kumtukana mtu mzima."

"Siyo matusi, ni utani. Nitukane tuondoke hapa."

"Nisamehe."

Mzee akasimama wima taratibu. Niliiona sura yake ikielewa kabla akili yake haijapenda. Alikuja na kamba ya kumvutia juu, na kamba hiyo hiyo ilikuwa imeonyesha kina cha shimo. Mtu wa Kasulu hamwombi msamaha mtani.

"Huyu siyo wa Kasulu," alisema mwenyekiti. Sauti ya mnadani haikuwapo tena. Hii ilikuwa sauti yake ya kila siku, ya chini. "Wewe mama. Kwenu hasa ni wapi?"

Hakujibu.

"Mishamo," alisema mtu nyuma, polepole, kama anayetegua kitendawili.

Miaka ile vita ng'ambo ya ziwa vilikuwa vimewaka tena, na kulikuwa na msako. Mishamo ilikuwa makazi ya wakimbizi, na mkimbizi hakutoka makazini bila kibali. Kila mtu mle ghalani alijua maana ya neno lile. Ndipo ukaja ukimya ambao sijawahi kuusikia tena popote. Watu ishirini na mmoja walikuwa wamemzunguka mtu mmoja aliyepiga goti, na hakuna aliyejua kama bado anacheza au hachezi. Mwanga ulikuwa unaingia kupitia mabati yaliyotoboka. Hata waliokuwa wakimwonea huruma walikuwa wamejipanga vizuri, kama waliopangwa.

Hili ndilo jibu langu. Sikupuliza kwa sababu ilikuwa nzuri. Miaka mitatu nilisoma kuhusu dakika ambayo mchezo na maisha vinagusana, nilijibu mitihani juu yake, na sasa ilikuwa mbele yangu, nimeitengeneza mwenyewe kwa maboksi ya chumvi na kalamu ya wino wa bluu, na nilitaka iendelee kidogo. Kidogo tu.

Nilipopuliza, walipiga makofi. Wote, wakimtazama yeye. "Mama, wewe unajua!" alisema dada wa saluni, akimpangusa magoti. Mama wa vitumbua akaokota beseni lake, akalikung'uta makombo, akaondoka.

Jumatatu watoto wa Shanwe walikuwa wanamwita Mama Kisima. Jumatano akina mama waliacha kununua vitumbua vyake, na mmoja alinieleza dukani kwetu, kwa upole kabisa, kwamba hana neno naye, ila chakula kinataka kujua kilipotoka. Ilipoanza wiki ya tatu mwenyekiti alinifuata.

"Mwalimu, na wewe unajua nchi ina sheria."

"Ulikuwa mchezo."

"Mchezo wetu, sawa. Yeye mwenzetu alianza kuucheza zamani." Alicheka, akaona sicheki, akaacha. "Mimi nimemtajia mtendaji tu. Sijamshtaki. Mtendaji kamwita Jumatatu ijayo, aje na mtu wa kumtambua. Kama ni wa Kasulu, si atasema?"

Nilienda kwa mama wa vitumbua siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu, baada ya kukaa siku tano nikipanga nitakachosema. Alikuwa anapepeta mchele uani. Binti yake alikuwa anaandika kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, jedwali la kuzidisha la saba, na alinipa shikamoo bila kuacha kuandika.

Nilianza hotuba yangu. Nilimweleza kuhusu mlango wa kutokea, kuhusu nia, kuhusu makosa ya mpangilio. Akapepeta mpaka nikamaliza.

"Nilipewa kibali cha siku saba nije hospitali," alisema. "Nimekitumia miaka minne. Huyu ameanza shule hapa. Wakinirudisha, anarudi na mimi, na jina aliloandikishwa shuleni siyo lake."

"Naweza kwenda kumwambia mtendaji kwamba..."

"Kwamba nini? Kwamba wewe ni mtu mzuri?"

Hilo ndilo hasa nililokuwa nimepanga kusema.

"Nyie mliosoma," alisema, "mnapuliza filimbi halafu mnakwenda kula. Wale wengine wote waliisikia, wakarudi kuwa mafundi, wakarudi kuwa wasusi. Mimi bado niko kisimani. Mimi filimbi yangu haijalia." Akamwaga makapi. "Nenda, binti. Unanizibia mwanga."

Njiani nilipita kwa mzee wa reli. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya nyumba yake na redio isiyo na betri. Yeye naye alikuwa ameitwa Jumatatu, awe shahidi.

"Nilikwenda kumtoa, nikamzamisha," alisema. "Na sitasema uongo. Nikiulizwa alinijibu nini, nitasema alivyonijibu. Wewe unajua kwa nini tunautegemea utani? Kwa sababu haudanganyi. Mtu anaweza kudanganya jina, dini, hata kabila. Lakini ukimtania ghafla, kwao kunatoka kinywani."

Nilitembea mpaka relini nikarudi, nikatembea tena. Nilifikiri kama ninavyofikiri siku zote, yaani kwa kuzunguka. Nikisema kweli, anarudishwa. Nikinyamaza, anarudishwa. Nikilia mbele ya mtendaji, anarudishwa na mimi nimelia. Ndipo maneno yake yakanirudia: bado niko kisimani. Kama yuko kisimani, basi mchezo haujaisha. Na kama haujaisha, mtunzi ni nani?

Jumapili mchana nilikata kipande kutoka boksi lile lile la chumvi, ambalo baba alikuwa bado ameweka makopo juu yake. Kalamu ile ile. Niliandika mara nne, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa na woga na ule wa zamani haukuwa nao. Cha nne kilikubali. *Wewe ni mkimbizi uliyetoroka, unajidai umetoka Kasulu. Mtani akija kukukomboa, usijue utani. Piga goti, omba msamaha. Ukiulizwa kwenu, nyamaza.* Nikakipaka mafuta ya kitumbua, nikakikanyaga, nikakitia ndani ya daftari pamoja na vile vingine ishirini na moja, maana asubuhi ile ya mchezo kila mtu alisoma chake akanirudishia. Kile cha kweli nilikitia jikoni, kwenye moto wa maharage. Baba aliniona. Akarudi dukani.

Ofisini kulikuwa na mtendaji, mwenyekiti, mzee wa reli, na mama wa vitumbua akiwa amesimama, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Hakujua ninalolileta. Niliogopa kumwambia, nikajidanganya kwamba atacheza vizuri zaidi asipojua. Hata siku ile, bado nilikuwa yule yule.

Nikamwaga vikaratasi mezani. Mtendaji akavisoma kimoja kimoja, akafika kwenye kile, akakisoma kwa sauti.

Mwenyekiti akaruka. "Hakikuwa hicho!"

"Ulikiona chake?" nikamuuliza.

"Siku ile hapana, lakini..."

"Kanuni ya kwanza ya mchezo ni ipi?"

Alikuna kidevu. "Mtu haoni kikaratasi cha mwenzake."

"Kwa hiyo haya yote uliyaandika wewe," mtendaji aliniambia. "Ya Mishamo. Ya kupiga goti."

"Niliandika mimi."

"Na ukawaacha watu wiki tatu wanamwita mkimbizi? Watoto wanamzomea? Kwa ajili ya mchezo?"

"Ndiyo."

"Wewe binti una roho mbaya."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Nilifikiri tumemaliza. Lakini mtendaji hakuwa mjinga. Aliegemea kiti, akamwonyesha mzee kwa kalamu. "Basi mama, leo hakuna karatasi. Mtani wako huyo hapo. Mtanie."

Mama wa vitumbua akanitazama, kama alivyonitazama siku ya pipa. Safari hii sikukwepesha macho, ila sikuwa na kitu cha kumpa. Halafu akamgeukia mzee.

"Nikutanie?" alisema. "Wewe mzee, siku ile ulikuja kunikomboa au kuninusa? Umekaa reli miaka yote hiyo, umejifunza kuchelewa tu. Kichwa kama behewa la mwisho, kinafika watu wameshashuka! Unasema mlitununua kwa chumvi. Ingekuwa kweli mngekuwa na adabu, maana chumvi inazuia kuoza. Nyie mmeoza mkiwa mmesimama. Nuka huko! Hata fisi wa Katavi wanakupisha njia, wanasema huyu tayari."

Mtendaji alicheka mpaka akavua miwani. Mwenyekiti naye akacheka, hakuwa na namna. Wao walisikia utani, kwa sababu maneno yalikuwa ya utani. Lakini mimi nilikuwa namtazama macho, na mzee naye alikuwa anamtazama macho. Yule mama hakuwa anatania. Katika wiki zile tatu alikuwa ametukanwa vya kutosha kuijua kazi, na alikuwa anamaanisha kila neno.

Mtani akitaniwa hujibu. Mzee alisema tu, "Nimetaniwa."

"Nendeni," alisema mtendaji, akijifuta machozi. "Na wewe mwalimu, mchezo wako Usevya usifike. Sitaki kukuona na vikaratasi vyako."

Nje jua lilikuwa kali. Mzee alinisubiri kwenye kivuli cha ukuta.

"Siku ile," alisema, "nilipoinama kumnong'oneza. Nilidhani nazungumza na mtu. Kumbe hata utani wangu ulikuwa kwenye karatasi yako?"

Ningeweza kumwambia. Angeitunza siri, nina hakika, na angerudi kulala kama mtu. Lakini alikuwa amesema mwenyewe kwamba akiulizwa hatasema uongo, na alikuwa mtu wa kuulizwa.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Nilikutumia."

Akavaa kofia yake ya reli, akaondoka bila kuniaga.

Mama wa vitumbua alitoka mwisho. Alisimama mbele yangu, beseni kwapani, ametulia. Hakunishukuru, na nilikuwa nimejiandaa kukataa shukrani.

"Unayo?" aliuliza.

Nilikuwa nayo, mfukoni. Nikaitoa.

"Puliza."

Nikapuliza, pale pale nje ya ofisi ya kata, saa tano asubuhi, mpaka pumzi zikaniishia. Watu barabarani walisimama wakidhani ni sungusungu wa ulinzi wanaita. Alisubiri mpaka mlio ukaisha kabisa, ndipo akashusha pumzi, akaenda shuleni kumchukua binti yake.